Kilio Kwenye CD ya Tatu

Nkoaranga, Meru
12 Julai

Kwako Sumari,

Natumaini u mzima huko Mtwara. Huku baridi imetushika na kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva.

Lile boksi la CD za nyimbo za zamani za Leganga Jazz, bendi yenu, tuliloagiza dukani limefika. Jumapili baada ya ibada tulikusanyika kwa Elinipa, Tengeru, tukalisikiliza. Frederick, yule aliyekuwa akicheza hadi viatu vinafumuka, alilia kama mtoto aliposikia tarumbeta. Wengine walinung'unika kwamba yamewekwa hata mazoezi mliyofanyia uani kwetu, mnakosea na kuanza upya.

Kwenye CD ya tatu gitaa lako linaanza, kisha mtoto analia. Unacheka, unasema, "Mama Hanna, mnyonyeshe huyo, anatushinda sauti!"

Watu wakaangua kicheko. Frederick akasema kilio hicho wangekikata, kinaharibu wimbo. Nikaomba kirudiwe. Nikaomba tena. Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Elinipa alikuwa amekumbuka, akanishika mkono.

Tulipomzika mwanetu pale migombani hatukuwa na hata picha yake moja. Wewe ukaondoka na gitaa lako, nami nikabaki Anna tu. Miaka thelathini na minane hakuna aliyeniita kwa jina la mwanangu, hadi Jumapili ile, na aliyeniita ni wewe.

Nakutumia CD hiyo. Usiruke pale anapolia.

Ni mimi,
Mama Hanna