Kumbukumbu Nilizokataa Kufuta

Kaloleni, Jumapili

Nimekataa kufuta kumbukumbu za mkutano.

Tulikuwa akina mama wa tawi la chama, tukipanga nyimbo za kumpokea mgombea wetu wa udiwani. Atieno, karani wake, akasimama akasema mheshimiwa alimfungia mlango ofisini na kumshika kwa nguvu.

Mwenyekiti akakohoa. "Dada, huyu ni mtu wetu. Tukimshtaki, chama tawala kitacheka. Tushinde uchaguzi kwanza."

"Na mikono yake nayo ni yetu?" nikauliza. Wawili wakacheka, wengine wakaangalia viatu.

Mwenyekiti akaniamuru mimi, katibu, nifute maneno ya Atieno kwenye kumbukumbu. Nikamwambia kalamu ya wino haisikii raba. Nikamsomea Atieno nilichoandika, akatia sahihi. Mama Ouma, mwimbishaji wetu, akasema sauti imemkauka, mheshimiwa ajiimbie.

Kesho naenda polisi na Atieno. Naogopa, maana mume wangu ndiye dereva wa mheshimiwa, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Nimemwambia mume wangu jioni hii. Amemalizia chai yake, kisha akasema, "Basi nitawapeleka kwa pikapu ya mheshimiwa. Polisi ni mbali."