Pampu ya Zamu

Sibwesa, Katavi

Kaka yangu Yohana,

Kamwene. Natumaini baridi ya Njombe haijakupanda kifuani, na mama anaota jua kila asubuhi kama alivyoelekezwa. Huku miili ni mizima, mvua imeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Ukiishia hapo utasema dada anaringa. Endelea kusoma.

Uliniomba nikutafutie fremu ya duka la pembejeo. Ulicheka sana niliposema kitongoji chetu kizima kina pampu moja ya kupulizia sumu. "Huko ndiko kwenye soko!" ukasema. Fremu ipo, jirani na mashine ya kusaga. Sijaichukua na sitaichukua. Naandika kwa sababu kwenye simu hukuniacha nimalize sentensi hata moja.

Pampu yetu huenda kwa zamu. Leo iko kwangu, kesho kwa jirani. Mwenye zamu anapika, wenzake wanamchotea maji na kumpulizia shamba, wanakula, kisha pampu inabebwa kwenda nyumba nyingine. Watu wa zamu ndio hao hao wanaokubebea mgonjwa hadi zahanati na kukuchimbia kaburi. Nilipoolewa huku sikuwa na mtu. Zamu ndiyo iliyonipa ndugu.

Msimu uliopita alizeti zilichanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Tulipopeta, upepo ulizichukua karibu zote. Maganda matupu, kaka. Na maboga yalifika ukubwa wa ngumi, yakageuka manjano, yakadondoka. Ukanitangazia kwa sauti ya mwenye duka: mbegu feki! Ilikuwa mbegu ile ile iliyotujazia magunia mwaka wa nyuma yake. Kilichokosekana ni nyuki wa kubeba chavua kutoka ua hili kwenda lile.

Shemeji yako, kama ujuavyo, ni Mbende, mwenyeji wa misitu hii, aliyeanza kutundika mizinga akiwa kijana. Siku moja tukikata nyasi za kuezekea, yule ndege anayewaita watu kwenye asali alitujia, akapiga kelele, akaruka mti wa mbele, akatungoja. Tukamfuata hadi kwenye mti wenye tundu. Shemeji yako akaweka sikio kwenye gome, akaliondoa haraka kama aliyeungua. Hakukuwa na mvumo wowote. Siafu walikuwa wameshakula miili ya nyuki na kuacha mabawa, yametapakaa chini kama makapi. Ndani, masega yalikuwa yameliwa na wadudu wa nondo. Alikata kipande akakiweka juu ya kisiki kwa ajili ya ndege, kama walivyofanya baba zake. "Yeye kafanya kazi yake," alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia pampu. Kila mtu hapa anaapa kwamba alipuliza mara moja tu, na ni kweli. Ila pampu yenyewe haikulala. Mahindi yalipotoa mbelewele ilikuwa kwa huyu, maharage yalipochanua ikawa kwa yule, pamba ikamkuta mwingine. Nyuki hajui mpaka wa shamba. Mkulima alipuliza mara moja, nyuki wakapulizwa msimu mzima. Ule wema wetu wa kugawana kifaa ndio uliohakikisha hakuna asubuhi isiyo na sumu. Na ndege waliokuwa wakidonoa viwavi wamepungua, kwa hiyo viwavi wanarudi wengi zaidi, kwa hiyo tunapuliza tena. Hata msitu ule juu ya kilima, ambao bado umesimama, nauona kama ukoo wa wazee usio na mtoto mchanga, maana miti nayo haizai mbegu bila nyuki.

Usiniambie pampu ishirini za duka lako zitamaliza kazi kwa siku moja. Mtu mwenye pampu yake ndani atapuliza kila akiona kitu kinaruka, hata kipepeo.

Nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji. Nikasema tupulize jioni nyuki wakisharudi, tena palipoonekana viwavi tu, na maua yakifunguka pampu ilale. Mwenyekiti akauliza, "Mama Tumaini, nyuki wamekulipa nini uwe wakili wao?" Watu wakacheka.

"Walikuwa wananilipa alizeti," nikamjibu. "Nyie msimu uliopita mlilipwa maganda."

Kicheko kikakatika. Jirani yangu Mama Shija, aliyempokea mwanangu wa mwisho kwa mikono yake, akasimama. "Jioni tuna watoto, tuna kupika. Nani apulize gizani? Kama umechoka na zamu, sema umechoka na zamu."

Nikakaa chini, mimi unayeniita redio.

Jana wameleta pampu. Mwaka huu zamu inaanzia kwangu, na wamefanya hivyo kwa kuniheshimu. Nimewapikia, wakala. Ndipo nikasema haitatoka humu ndani mpaka tukubaliane. Mama Shija akaacha sahani yake katikati. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Leo asubuhi kisimani nimesalimia, hakuna aliyeitikia. Na viwavijeshi wameshaingia shambani kwa Mama Shija, kaka. Wakimlia mahindi, nitakuwa nimewaokoa nyuki na kumnyima chakula mtu aliyenizalisha.

Kwa hiyo usije. Ukishusha hizo pampu hapa, kila mtu atabeba yake, na hakutakuwa tena na sababu ya yeyote kunisikiliza. Sasa hivi wananihitaji, hata kama wananichukia. Niachie msimu huu mmoja.

Msalimie mama, na la kisimani usimwambie. Msalimie wifi, shangazi muuza pombe ya ulanzi, na mdogo wetu fundi cherehani. Shemeji yako anakusalimu. Amekaa mlangoni anachonga mzinga mpya, na kila mbwa akibweka anasimamisha panga.

Dada yako mbishi, ninayeandika nikiwa nimefunga komeo,

Mama Tumaini