Miaka Niliyokuongezea

Mama yangu, Mama Kabula,

Shikamoo sana. Najua anayekusomea ni mjukuu wako Shija. Shija, soma taratibu, usiruke kitu. Mayu, mama yangu, nyonga inaendeleaje tangu ulipoanguka kisimani? Bado unajikokota kwenda kuwaona kuku? Hebu acha hiyo! Mimi mzima huku Geita, ila vumbi la karasha ya kusaga mawe ya dhahabu linanikaba kifua.

Kwenye simu nilikwambia mambo ya bima yanakwenda vizuri. Nilikudanganya.

Bosi wetu ametuingiza kwenye bima ya kikundi. Mimi, mke wangu Mama Masanja na watoto tumeandikwa bila maswali, kwa hela ndogo tu. Mzazi naye anaruhusiwa, ila akipita miaka sitini hela inapanda mara tatu, na akipita sitini na tano hawamtaki kabisa. Nikajisemea nitajibana, nilipe hizo mara tatu, ukafanyiwe upasuaji Mwanza. Dada wa bima akatazama kitambulisho chako: sitini na saba.

"Kaka, mfumo unakataa."

Mama, unakumbuka nani aliitaja hiyo miaka? Ni mimi. Siku ile ya kuandikishwa kitambulisho pale Tinde wewe ulijua tu kwamba ulizaliwa wakati wa palizi. Mimi na ujanja wangu nikaona ukiitwa mzee utatibiwa zahanati bila kulipa, nikakuongezea miaka sita. Ulicheka, ukasema nimekupa mvi za bure. Na kweli, zahanati wanakupa vidonge. Sasa nyonga itapona kwa vidonge?

Nikamhesabia yule dada: Kabula ana arobaini na moja, ulimzaa una ishirini hivi, hufiki hata sitini na mbili. Alinisikiliza vizuri tu, maskini. Akataka cheti cha kuzaliwa. Cheti! Mkunga wako alishakufa, kitabu cha ubatizo kililiwa na mchwa. Kurekebisha kitambulisho nako lazima niape kwamba mara ya kwanza nilisema uongo, kisha nisubiri miezi, na bima inafunga kuandikisha Ijumaa hii.

Nina hasira, mama. Mwaka mzima sijaugua hata mafua, na mimi ndiye wananing'ang'ania. Wewe unayeumwa ndiye wanakukimbia. Sasa hiyo ni bima ya nini? Lakini nikitaka kumlaumu mtu nashindwa, maana mdomo ulikuwa wangu.

Msalimie dada Kabula, na baba mdogo aliyekupeleka zahanati kwa mkokoteni wake wa ng'ombe, mwambie wabeja sana, namshukuru. Mama Masanja anakuamkia.

Leo nimerudisha fomu. Dada wa bima akaona nafasi ya mzazi iko tupu, akauliza kama nina mzazi aliye hai. Nikamjibu ninaye, mama yangu yupo. Akapiga mstari kwenye ile nafasi tupu, akagonga muhuri.

Nisamehe, mayu.

Mwanao,
Doto