Sahani ya meli ya barafu

Antoinette, uko? Usikate téléphone kwanza! Ni Rolande, napiga ku cyber ya Ixelles, huku Bulaya.

Ule muzee wa Ganshoren mwenye ninafanyiaka kazi, leo alitimiza miaka makumi nane, quatre-vingts ans. Nilipika kuku, tukangojea watoto yake. Hakuna hata mumoja alikuja. Hata téléphone haikulia.

Bon, kwetu mugeni anakuliaka mu sahani gani? Ya kabati! Na siku ya fête ya kuzaliwa, mwenye fête ndiye mugeni. Nikafungua kabati yake ya vioo, nikatoa sahani ya bleu, nikamupakulia.

Akaangalia sahani. Hakuangalia kuku, sahani! "Madame, umefanya nini?"

Kumbe ilitoka ku meli ya watu walienda Pôle Sud zamani, kule ncha ya kusini ya dunia, barafu ikaikamata mwaka muzima. Muzee anakusanyaka vitu vile. Miaka mia, hakuna muntu alikulia ndani! Na miye nimetia mawese! Mawese, Antoinette!

Nikajua kazi imeisha. Nikavaa manteau yangu ya baridi.

Akasema: "Leta sahani ya pili, yako. Ikaa."

Ikaa! Miye nakuliaka ku jiko, nimesimama, debout. Miaka mbili, debout.

Tukakula. Halafu akaweka uma chini: "Madame, jina yako ni nani?"

Miaka mbili!

Nikamuambia. Nikamuuliza ya kwake, juu miye namuitaka Monsieur tu. Akaitafuta, sawa muntu anatafuta kitu mu mufuko.

"Omer," akasema. "Hakuna tena mwenye ananiitaka vile."