Paswedi za Watu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Brauza ya zamani ya kompyuta ya dukani imegoma. Ukurasa wa maombi ya vyuo haufunguki. Inataka nisasishe, nikisasisha inasema kompyuta imezeeka. Kama mimi mwenyewe. Fundi Jamali kwenye simu: weka brauza nyingine, hamishia paswedi zako, ni kazi ya dakika tano. Dakika tano zake! Wateja benchini wamejikunyata na makoti yao, mimi nahangaika na mausi.

Jumanne, 5 Agosti

Zimehama. Asubuhi zilikuja nusu, nikarudia. Ya zamani inazitoa zote kwenye faili moja, mpya inalimeza. Sikujua kwamba ndani ya faili zinakaa wazi — jina na paswedi, jina na paswedi. Za wateja wangu wote. Wananiachia kwa sababu wanasahau: Dada Janeth, iweke hapo kwako. Wengi wameandika jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Faili nimelifuta, bado naona aibu kama niliyechungulia chumbani kwa watu.

Jioni akaja Mwalimu Tobia. Alinifundisha darasa la tatu, mpaka leo nikimwona nasimama. Shikamoo, mwalimu. Anataka nimfungulie akaunti ya binti yake Yunis, abadilishe kozi kabla dirisha halijafungwa Jumapili. Yunis alichagua misitu, hapa hapa dukani, huku anacheka. Mwalimu anataka uuguzi. Anasema wameshaelewana nyumbani. Yunis yuko Mnazi kwa shangazi yake na simu yake ya kitochi haipatikani. Nikasema mashine iko kwenye matengenezo, aje kesho.

Mgongo unauma.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata Yunis kwa simu ya shangazi. Hawajaelewana lolote. Dada, nakuomba usimfungulie, akibadilisha mimi chuo siendi. Halafu nikamsikia anapenga kamasi. Nikamwahidi.

Mwalimu akaja. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumkatalia kwa adabu. Nilipomwona mlangoni, kofia mkononi, yote yakanitoka. Nikasema paswedi zimepotea wakati wa kuhamisha, na ya Yunis imo. Akasema, "Pole mwanangu, hizi mashine zinawatesa." Akanipa pole! Nimejichukia jioni nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi tu. Macho yanawaka. Mwalimu hakuja, nashukuru.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Nilitaka kulala, nikafungua kwa ajili ya wale wa dakika za mwisho. Wa kwanza ni mwalimu. Kaambiwa kuna mahali pa kubonyeza ukisahau paswedi, unatumiwa nyingine. Nikatulia, maana ujumbe huo ungeenda kwa Yunis, si kwake. Akavuta kiti, akakaa ubavuni kwangu, miwani puani, akaanza kunitajia namba ya mtihani ya Yunis, taratibu, kama imla. Nikaandika. Namba ya mwisho ilipoingia, kisanduku cha paswedi chini yake kikajaa nukta chenyewe.

Brauza inayo. Nilizihamisha zote kwa mkono wangu, na ya Yunis sikukumbuka kuitoa. Uchovu huu utaniua.

Mwalimu akazitazama zile nukta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza kwa Kishambaa, na Kishambaa hajawahi kunisemesha dukani, kama hiyo siyo paswedi ya mwanawe. Nikainamia kibodi. Akasema tu, "Haya. Ingia." Wala hakupandisha sauti. Heri angenigombeza.

Simu yake ikaita. Ametoka nje kuipokea, akaniagiza nisiguse kitu mpaka arudi; naandika haya nikimsubiri. Namsikia anamwambia mtu kwamba Janeth ameshaipata, kumbe ilikuwepo, ni binti mzuri huyu.

Kuifuta ni kubonyeza mara mbili. Mausi iko hapa. Sasa anaaga, kwa salamu za nyumbani zote, wasalimie, wasalimie — mkono wangu usioshika kalamu uko juu ya meza na hausogei