Nimelegeza Breki ya Baba Bila Kumwambia

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, ila naomba unisaidie upesi maana nimebeba siri nzito, mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, na tunaishi na baba yangu mzazi aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja bila kumkwaruza mtoto wa mtu, na sasa ana gari lake dogo kuukuu ambalo mume wangu hutania kwamba analipenda kuliko mkwe wake.

Mwaka jana baba alipata kiharusi kidogo, akapona, lakini mkono wa kushoto ukabaki hauna nguvu, na ukimuuliza anakujibu, "Mkono haujambo, umekusalimu." Basi mwezi uliopita gari likaanza kuwa zito kama linakokota jiwe, ukitoa mguu kwenye mafuta linasimama lenyewe, na siku moja tulipofika sokoni gurudumu la nyuma lilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, nikalipeleka gereji peke yangu, fundi akalipiga jeki, akashusha breki ya mkono hadi chini, akajaribu kuzungusha tairi likagoma, kisha akafunua ule mpira penye mkono wa breki akaniita, "Dada, njoo uone. Hii nati imekazwa juzijuzi, tena mpaka mwisho. Gari linatembea huku limeshikwa. Nani kafanya hivi?"

Nilijua palepale, mshauri, maana nilishamkuta baba amejikunja ndani ya gari na spana akaniambia anatafuta kalamu, kumbe mkono haukuweza tena kuvuta breki mpaka juu, kwa hiyo akaukaza waya wa breki kwa ile nati ili akivuta kidogo tu ishike, na mimi badala ya kwenda kumwambia baba nimejua, nikasimama pale nikalia, nikamwambia fundi alegeze na baba asijue.

Siku tatu baadaye baba akaenda duka la dawa, akaegesha kwenye mteremko, akavuta kidogo kama alivyozoea, akashuka, gari likarudi nyuma taratibu likalivunja benchi la kinyozi vipande vipande, na kinyozi alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kuchukua taulo. Hakuumia mtu. Baba alirudi kwa miguu, akaniwekea funguo juu ya cherehani, "Mwanangu, mkono wangu umeniaibisha. Kaa nazo wewe."

Mume wangu anasema ninyamaze. "Ukimwambia ukweli atarudi barabarani, na safari ijayo benchi litakuwa na mtu." Naona ana hoja, lakini jana baba aliniomba msamaha kwa kutupa hofu, aniombe msamaha mimi, mshauri, mimi! Nifanyeje?

Fundi Mwenye Siri

*

Binti yangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekuhurumia, sasa vumilia nikukemee. Ulimlegezea mtu breki anayoitegemea, ukamwacha aingie barabarani hajui. Kumsitiri mzazi ni jambo jema, lakini stara yako nusura imwondoe kinyozi duniani. Baba naye ana lake, alikimbilia spana badala ya kufungua mdomo. Maji hufuata mkondo. Mmefichana kwa sababu mnapendana, na gari halijui mapenzi.

Mumeo ana nusu ya haki. Huenda baba hafai tena kuendesha. Lakini hilo aambiwe na daktari aliyemtibu, baada ya kuupima mkono, na aamue akijua yaliyotokea. Usimnyang'anye funguo kwa uongo.

Mwambie leo, mkiwa wawili tu. Usianze na mkono wake, anza na kosa lako: "Baba, breki niliilegeza mimi." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke mpaka amalize. Akilia, usimkimbie.

Gari lisitoke mpaka lirudi gereji, na safari hii baba awepo, asikie kila neno. Nimemuuliza fundi wangu wa siku nyingi, akacheka, akasema kulegeza nati peke yake hakuonyeshi ugonjwa. Magurudumu ya nyuma yainuliwe, breki ishushwe, yazungushwe kwa mkono. Likigoma moja, waya uchomolewe kwenye gurudumu hilo. Likizunguka, basi waya ndio ulioshika, pengine una kutu ndani ya ganda lake, ubadilishwe. Likigoma bado, wafungue dramu, lile bakuli la chuma lililofunika breki ya gurudumu, ubovu uko humo. Nati huguswa mwisho, kila kitu kikishakuwa huru. Ukiikaza ili kumsaidia mtu mwenye mkono dhaifu, unaunguza breki.

Daktari akiruhusu, mwombe fundi aone kama huo mkono wa breki unaweza kurekebishwa uvutike kwa wepesi, na baba aegeshe pa tambarare, gari likiwa ndani ya gia, na kabari ya mbao nyuma ya tairi. Daktari akikataa, utaendesha wewe, naye akae kando yako akukosoe. Atakukosoa sana. Vumilia. Na kinyozi mlipeni benchi lake, mkaombe radhi nyote wawili.

Nguo za wateja zinaweza kungoja saa moja. Likunje gazeti hili unalosomea jibu langu, umwite baba.