Mama Mkwe Sebuleni, Zuhura Chumbani

Kitale, Jumamosi, Aprili 2006

Tangu saa nane mpaka saa hizi, saa moja, nimefungiwa chumbani kama mwizi, na nyumba ni yangu!

Mama mkwe alitoka Sirisia kuja kliniki, mvua ikamkimbiza mpaka hapa. Mimi na yeye haturuhusiwi kuonana uso kwa uso. Hata paa moja ni makosa, lakini mvua haijui mila. Mlango wa kutokea uko sebuleni alikokaa. Dirisha lina vyuma.

Nikashika riwaya kuukuu ya safari ya Zuhura. Mwandishi ameijaza sayari matope, mvua isiyokatika na majitu yenye magamba. Shuleni nafundisha kwamba Zuhura ni tanuri tupu. Lakini waandishi wa zamani waliona mawingu yake tu, basi kila mmoja akajitungia majitu yake. Nikawacheka sana.

Saa kumi kibofu kikawa karibu kupasuka. Nikamsikia mama akimwambia mke wangu, "Nekesa, si huyo mtoto wa wenyewe ataumia huko ndani? Mwambie nimejifunika leso, apite tu."

Nikapita nikiangalia sakafu. Miaka kumi na miwili namwogopa huyu mama, kichwani mwangu ni jitu. Niliona miguu tu: midogo, imevimba, ndani ya ndala zangu.

Nimerudi chumbani. Nikimuuliza Nekesa kliniki walisema nini, anaangalia kando. Na mwenye jibu anakohoa hapo nyuma ya mlango.